Juma la Wasiosalimiana

Tarehe saba mwezi wa tatu mwaka wa 2001, siku ya Jumatano, nilimpoteza kaka yangu hapa Butembo. Alikuwa mwalimu wa darasa la sita katika shule ya parokia ambako mimi nilifundisha darasa la pili. Alitoka nyumbani alfajiri kwenda kufungua shule, na hakufika. Shule haikukosa kufunguliwa. Mwenzake aliifungua, kwa kuchelewa kidogo, na watoto waliimba kama siku zote.

Watu wakisikia kwamba kaka yangu alichukuliwa na askari, husema vita vilimchukua, na mimi huitikia, kwa sababu ni kweli na kwa sababu maelezo mengine ni marefu. Lakini maelezo mengine yapo. Yanamhusu mkuu wetu wa shule, ambaye kwetu anaitwa directeur, na namna yake ya kupatanisha walimu. Alikuwa mtu mwema. Nasema hilo mapema, asije mtu akasoma haya akafikiri nataka kumshitaki.

Mimi sikusoma sana. Niliacha sekondari katikati baba alipokufa, nikapewa darasa kwa kuwa walimu wenye diploma walikuwa wamekwenda kuuza bidhaa Kanyabayonga na Beni. Biashara angalau ililisha watu. Mwaka wangu wa kwanza nilifundisha kusoma kwa kupiga kelele. Niliandika silabi ubaoni, nikazigonga kwa fimbo, darasa zima likaitikia, nikarudi nyumbani nimechoka na nikaamini kwamba nimefundisha. Mkaguzi alipokuja alikaa muda mfupi tu akatoka. Nilimsikia nje akimwambia directeur kwamba mama huyu hafai, atafutwe mwingine. Directeur akajibu kwamba mwingine hayupo, na hata angekuwepo, huyu bado hajamaliza kujifunza.

Siku iliyofuata alikuja akaketi kwenye benchi la mwisho, magoti yakimfika karibu na kidevu, maana mabenchi ya darasa la pili ni mafupi. Alisikiliza mpaka mwisho wa somo. Hakunitajia kosa hata moja. Aliniuliza tu ni mtoto gani ambaye leo hakufungua kinywa. Sikujua. Akasema kesho atafundisha yeye, na mimi nikae pale nyuma nitazame vinywa. Nilikaa. Nikaona kwamba karibu nusu ya darasa walikuwa wanafuata sauti za wenzao huku macho yao yako dirishani. Tangu siku ile nilianza kuwaita mmoja mmoja. Ilichukua miezi. Alirudi mara nyingi kwenye benchi lile, na kila mara alikuwa na jambo moja la kuniambia, hakuongeza la pili hata kama lilikuwepo. Ninachokijua katika kazi hii nilikipata kwake.

Kwa walimu waliogombana alikuwa na dawa yake. Hakupenda kuwaita ofisini, kwani alisema mtu akiitwa ofisini anakuja na maneno aliyokwisha kuyapanga. Alitumia zamu. Kila juma walimu wawili walikuwa na zamu ya kufungua shule: kufika kabla ya wote, kufungua lango, kupiga jante, ile ringi ya chuma ya gurudumu la lori iliyokuwa kengele yetu, kupanga watoto mistari, kusalisha, kupandisha bendera. Wasiosalimiana aliwapa juma moja pamoja. Vita vilipokaribia mji aliongeza sharti: walimu wa zamu watembee pamoja kutoka mtaani mpaka shuleni. Hakutaka mtu apite njia ile peke yake alfajiri, kwa sababu saa zile barabara ilikuwa ya wenye bunduki.

Dawa hiyo ilikuwa imefanya kazi. Walimu wawili wa kike waliwahi kununiana karibu muhula mzima kwa sababu ya mbuzi aliyeingia katika shamba la maharagwe. Walianza juma lao wakitazama pande mbili. Ijumaa tukawaona wanashuka mlima na kikapu kimoja, kila mmoja ameshika mkono wake wa kikapu, wanacheka. Directeur alitabasamu akaingia ofisini. Nadhani ilikuwa siku ile alipoamini kwamba njia yake haiwezi kumwangusha.

Kaka yangu alikuwa mwembamba, mkali, mtu wa shati jeupe na wa kufuata sheria. Watoto wake wa darasa la sita walifaulu mitihani na parokia nzima ilimjua. Mwalimu wa darasa la tano alikuwa kijana, mzaliwa wa Beni, Mprotestanti, aliyekuja Butembo kwa sababu mke wake ni wa hapa. Watoto walimpenda. Alijua kuchekesha. Wote wawili walikaa mtaa mmoja, ng'ambo ya kijito, na kaka yangu akienda shuleni alikuwa lazima apite mbele ya lango la kijana huyo.

Ugomvi wao ulianza Ijumaa moja mchana, katika somo la kukosoana. Ni desturi ya shule zetu: mwalimu mmoja anafundisha mbele ya wenzake, watoto wakishatoka wenzake wanasema yaliyokwenda vizuri na yaliyoharibika. Siku ile kijana alifundisha kugawanya vitu kwa sehemu. Alileta machungwa, akayakata, akayagawa, watoto wakagombania vipande na kucheka. Sisi wengine tulimsifu. Kaka yangu akasimama.

"Batoto wamecheka, ni muzuri," akasema. "Lakini kila mwaka ananitumiaka batoto ya kuchekacheka, hapana jua hata kugawanya. Mimi niko naanza darasa ya tano upya ndani ya darasa ya sita."

Kijana akajibu akiwa bado anajifuta maji ya chungwa mikononi, akamwita yaya, kama tunavyomwita kaka mkubwa. "Yaya, mimi ninalimaka, wewe unavunaka. Matokeo ikitoka, ku parokia banapigia nani makofi?"

"Navuna nini? Unanipeaka magugu."

Walimu walicheka. Nafikiri maneno yenyewe yangesahaulika, ila kicheko kile hakikusahaulika. Directeur aliinua mkono, akasema somo limekwisha, akatushukuru. Jumatatu yake kaka yangu na kijana walipita mlangoni mwa ofisi bega kwa bega na hakuna aliyemsalimu mwenzake.

Kwetu mtu anaweza kukunyima vitu vingi na mkaendelea kuishi, lakini asubuhi akikupita kimya, kila aliyeona anajua kwamba kuna kitu kimevunjika. Na hakikubaki kwao wawili. Kaka yangu alianza kuwauliza watoto, mbele ya darasa, nani aliwafundisha ujinga huu. Watoto walirudi nyumbani wakasimulia. Kijana akaacha kutayarisha masomo, akasema haina haja, kwani yeye ni mwalimu wa magugu. Directeur alikwenda kukaa kwenye benchi la mwisho la darasa la tano, kisha la darasa la sita. Aliwatembelea majumbani. Aliwaomba wabadilishane madarasa kwa somo moja tu, kila mmoja aone kazi ya mwenzake. Wote wawili walikataa, na wote wawili walikataa kwa adabu sana, jambo ambalo ni baya zaidi.

Basi akawaweka zamu pamoja. Nilikuwepo kaka yangu alipomfuata uani.

"Directeur, niweke na mutu yeyote," alimwambia. "Hata na yule mama wa darasa ya kwanza mwenye anachelewaka. Na huyu, hapana."

"Ni kwa sababu hiyo ni huyu," directeur akasema. Akamkumbusha sharti la kutembea wawili. Kaka yangu aliinamisha kichwa. Amri akishapewa aliifuata, hata kama alikuwa ameikataa moyoni.

Jumatatu asubuhi kulikuwa na baridi na ukungu uliotanda juu ya mikaratusi. Kaka yangu alifika mbele ya lango la kijana akasimama. Hakubisha hodi. Hakumwita. Alikohoa, akangoja. Kijana akatoka, naye hakusema kitu, akamfuata nyuma kwa mbali kidogo, na hivyo ndivyo walivyotembea mpaka shuleni, mmoja mbele mmoja nyuma. Mama mmoja aliyekuwa akikaanga mikate kwenye kona ya njia aliwatazama wakipita. Alinieleza mwenyewe baadaye kwamba aliwaambia wateja wake, "Muangalie bwana na bibi, balipigana."

Shuleni nako tulicheka. Kaka yangu alifanya ishara ya msalaba akasalisha Baba Yetu kwa haraka. Alipomaliza, kijana akafumba macho akaongeza sala ya kwao, ndefu, akamwomba Mungu alainishe mioyo migumu yote ya Butembo, hata ile iliyofunikwa na shati jeupe. Watoto walibana vinywa kwa viganja. Kabla ya amina kaka yangu akavuta kamba ya bendera. Hata directeur aligeuka akatazama ukutani, mabega yakimtikisika. Alituambia kwamba juma bado ni refu, tungoje.

Jumanne ilikuwa vile vile. Jioni nilikula kwa kaka yangu. Mke wake alipika bugali na sombe ya majani ya muhogo, na tukiwa mezani nilimuuliza kwa nini asimwite yule kijana kwa jina lake, angalau aseme hodi.

"Nimeambiwa nitembee naye," alisema. "Hapana ambiwa nimuite."

Mke wake alimwambia kwamba atakuja kufa na kiburi hicho. Alisema vile kama wanavyosema wake wote. Tuliendelea kula.

Jumatano nilipofika shuleni, jante ilikuwa inapigwa na kijana, na alikuwa peke yake. Watoto walikuwa wamejaa nje ya lango kwa kuwa lilichelewa kufunguliwa. Alikuwa na furaha. Alituambia, "Leo mukubwa amelala. Hata mwenye haki anachokaka." Tukacheka, na mimi nikacheka. Tuliingia madarasani. Niliita mtoto wa kwanza asome.

Yule mama wa mikate alikuja mlangoni mwa darasa langu bila beseni lake. Alinivuta kando. Alisema alimwona kaka yangu amesimama mbele ya lango la kijana. Alikohoa, akangoja, akakohoa tena. Aliutazama mlango, akatazama barabara, akaendelea kusimama. Siku nyingine saa ile huwa amekwisha kuvuka kijito. Mwishowe akaondoka peke yake, kwa mwendo wa haraka. Na wakati huo askari walikuwa wakishuka kutoka barabara ya juu na mizigo mingi, wanakusanya wanaume wa kubeba. Walimkuta hapo penye daraja la miti. Mama alimsikia akisema kwamba yeye ni mwalimu, watoto wanamngoja langoni. Askari mmoja akamwambia kwamba leo atafundisha sanduku kutembea. Walimtwika sanduku kichwani, akaenda.

Nilikwenda ofisini nikamweleza directeur kama nilivyoelezwa, pamoja na habari ya kungoja langoni. Alivaa koti lake akatoka mbio kwenda kambini. Alirudi mchana, na suruali yake ilikuwa na matope kwenye magoti yote mawili. Hakuna aliyemuuliza. Alisema msafara umeelekea Beni, na huko wabebaji huwa wanaachiliwa wakipatikana wengine. Ilikuwa kweli kwamba wengine waliachiliwa. Tuliwajua waliorudi na tuliwajua ambao hawakurudi.

Siku iliyofuata tulipata nafasi juu ya lori la viazi na kabichi: directeur, mimi na yule kijana. Directeur hakumwomba kijana aje. Alikuja mwenyewe, akasema Beni ni kwao, anajua pa kuuliza. Njiani hakufanya mzaha wowote. Kila lori liliposimama, directeur alishuka akauliza watu wa kando ya barabara kama wamewaona wabebaji, na kila mahali waliwaona, na kila mahali walisema ni wengi, nani angeangalia uso wa mmoja. Tuliteremka mlima wa Kabasha, hewa ikaanza kuwa nzito, tukavua masweta. Beni ilikuwa na vumbi, malori na askari, kahawa imeanikwa juu ya turubai mbele ya nyumba. Tulifikia kwa shangazi wa kijana, mjane, ambaye alitupa maji ya kuoga na hakutuuliza maswali.

Tulizunguka. Kambini walitufukuza. Siku ya tatu, sokoni, tulimpata mtu wa Butembo, mchuuzi wa chumvi, ambaye alikuwa amebeba mzigo katika msafara ule ule na akaachiliwa Beni. Alimkumbuka mwalimu mwenye shati jeupe. Alisema yeye hakuachiliwa. Alikuwa ameanza kuchechemea, viatu vyake vya shule vilimkata miguu, lakini askari walisema anabeba vizuri kwa sababu hazungumzi. Walimpeleka mbele, upande wa Oicha.

Jioni hiyo tulikaa uani kwa shangazi. Shangazi alileta ndizi. Hakuna aliyekula. Kijana ndiye aliyeanza kusema, akitazama chini.

"Nilimusikia," alisema. "Nilikuwa tayari, viatu miguuni, ninamaliza chai. Alikohoa. Nilijua ananiita. Nikasema, leo hapana toka. Leo aniite na kinywa, hata mara moja. Akakohoa tena. Nikanyamaza."

Mimi nilimuuliza kijana kama alisikia kaka yangu akiondoka. Alisema ndiyo, alisikia hatua zake, na alifurahi, kwa sababu alifikiri ameshinda. Alisema hivyo hivyo, kwamba alifurahi, na alipokuta lango la shule limefungwa alidhani amerudi nyumbani kwa hasira, akatuzulia kwamba amelala. Sikumchukia. Nilijua kwamba kaka yangu naye angefanya vile vile kama angekuwa yeye ndani.

Kesho yake akaja mtu aliyekuwa ametafutwa na shangazi, katekista wa kijiji kimoja cha upande wa Oicha, ambaye alikuwa amefika Beni kununua dawa. Alituketisha kwanza. Alisema wabebaji watatu walikuwa wameachwa kando ya njia kwao, hawawezi tena kutembea. Wakristo waliwaingiza katika kanisa, wakawalaza juu ya mabenchi. Mmoja wao alisema kwamba yeye ni mwalimu kutoka Butembo. Alikuwa na homa na miguu yake ilikuwa imevimba mpaka magotini. Aliomba maji. Alikufa kabla ya saa sita mchana, na wale wengine wakafuata. Waliwazika nyuma ya kanisa siku ile ile, kwa sababu walisikia askari wengine wanakuja. Directeur aliuliza kama waliandika majina. Katekista alisema hawakuuliza majina. Waliogopa kuyajua.

Nilimuuliza jinsi alivyokuwa. Alisema mwembamba, mrefu, na kidole kidogo cha mkono wa kushoto hakikunjiki. Kidole hicho kaka yangu alikivunja kwa mlango tulipokuwa watoto.

Directeur alitaka tuende tuone kaburi. Alitafuta gari, alitafuta pikipiki, alitaka hata kwenda kwa miguu. Kila dereva alimwambia kwamba njia imefungwa, wanapigana. Shangazi akamshika mkono akamwambia, "Baba, uko na walimu wangapi wa kupoteza tena?" Akakaa. Sijaliona kaburi lile mpaka leo. Baadaye nilisikia kwamba kanisa lenyewe lilichomwa na wale watu walihama.

Kijana alibaki Beni. Alimtumia mke wake habari amfuate na vitu. Alimuaga directeur kwa mikono miwili, akaniaga mimi, na akasema hawezi kupita tena mbele ya lango lake mwenyewe. Nasikia aliingia kwenye kilimo. Hakufundisha tena. Alikuwa mwalimu mzuri. Wale watoto wa machungwa, wengine wao nilikutana nao wakiwa watu wazima, na bado wanajua kugawanya.

Tulifanya matanga bila maiti. Mke wa kaka yangu alikaa juu ya mkeka, wanawake wa parokia wamemzunguka, na kila mgeni aliyefika aliuliza kwa sauti ya chini amezikwa wapi. Directeur alikuja kila siku. Alisimama mwisho wa ua, hakukaa hata alipoletewa kiti. Walimu walimsubiri aseme neno kwa niaba ya shule, kama alivyofanya siku zote, na siku ya mwisho alisema kwamba tumepoteza mwalimu, akatoka uani.

Kabla ya Pasaka alikuja kwangu peke yake. Ilikuwa mchana, mvua imekwisha kunyesha. Nilimpa chai. Aliuliza habari za watoto wa kaka yangu, akauliza kama paa langu linavuja. Nilijua amekuja kuuliza kitu. Nilitamani asiulize.

"Mama," alisema, "ungekuwa mimi, ungefanya nini na bale bawili?"

Ningeweza kumwambia kwamba ni vita. Ningeweza kumwambia kwamba alitaka mema, na ni kweli alitaka. Hata kuhusu askari sijui: huenda wangetembea wawili na wakachukuliwa wawili, huenda kaka yangu angepita saa yake na akakutana na wengine. Nimeyawaza haya yote na hayana mwisho. Lakini aliniuliza kama mtu anayetaka jibu, na yeye alikuwa amenifundisha kazi bila kunidanganya hata siku moja.

"Ningewaacha wasisalimiane," nilimwambia.

Alitikisa kichwa kwa kukubali. Alimaliza chai yake. Aliniambia asante, na nikamsindikiza mpaka njiani.

Baada ya hapo alifuta zamu. Alifungua shule yeye mwenyewe kila asubuhi, peke yake, na alipiga jante mwenyewe. Alichukua darasa la sita, kwa kuwa hapakuwa na mwingine, na alilifundisha kwa kufuata kitabu. Hakuja tena kukaa kwenye benchi la mwisho la darasa langu, wala la mtu mwingine. Somo la kukosoana lilibaki kwenye ratiba ukutani, lakini Ijumaa mchana ikifika tulikwenda nyumbani. Walimu wapya walioletwa walipewa chaki na orodha ya watoto, wakaonyeshwa mlango wa darasa. Mmoja wao, msichana mdogo aliyekuwa na hofu kama niliyokuwa nayo mimi, alinijia kuniuliza afanye nini watoto wanapoitikia wote pamoja. Nilimweleza nilivyoweza. Nilimwambia pia amwombe directeur aje amtazame. Alikwenda akaomba. Directeur alimwambia kwamba anafanya vizuri.

Mwisho wa mwaka ule, katika juma la mitihani, mabenchi hayakutosha. Mwalimu mpya wa darasa la tano alituma watoto wake kuchukua mabenchi katika darasa la nne bila kuomba, na mwalimu wa darasa la nne akatoka nje akayakamata. Walianza kuvutana uani. Mmoja alimwita mwenzake mwizi wa viti, mwingine akajibu kwamba yeye angalau ana watoto wa kukalia viti. Watoto wa madarasa yote walijaa madirishani, wengine wakajigawa pande mbili, wakawa wanashangilia. Niliacha darasa langu nikaenda ofisini. Directeur alikuwa ameketi nyuma ya meza. Mlango ulikuwa wazi, alikuwa anawaona.

Nilimwambia kwamba walimu wanapigana mbele ya watoto.

"Waache, mama," alisema.

Nilisimama nikingoja. Hakunitazama. Alikuwa anawatazama wale wawili, mikono yake imetulia juu ya meza.

Nilirudi darasani. Niliita mtoto, akaanza kusoma, na sikumsikia vizuri kwa sababu ya kelele za nje. Nikamwambia asome kwa sauti zaidi. Benchi moja lilivunjika mguu, nilisikia mti ukikatika. Kelele ziliendelea mpaka tulipowaruhusu watoto kwenda nyumbani, na hakuna aliyetoka ofisini.